Kushika Hakutoshi: Molekuli Ndogo Zinazovunja RNA za Kansa

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kwamba maelekezo ya uhai yamehifadhiwa katika DNA. Kwamba maelekezo hayo hunakiliwa na kuwa RNA. Na kwamba RNA huyafikisha kwenye ribosomu, ambako protini hutengenezwa. Mpango huu, ambao Francis Crick aliuandika mwaka 1958, ungali msingi wa elimu ya viumbe hadi leo. Hata hivyo, kwa muda mrefu uliwafanya watu wengi, wakiwamo watengenezaji wa dawa, waihesabu RNA kuwa ni tarishi tu: hupokea barua katika ofisi moja, huifikisha katika ofisi nyingine, na kazi yake huishia hapo. Kwa sababu hiyo, dawa nyingi zinazotumika hospitalini zilibuniwa ili zishike protini, nayo RNA ikaachwa kando.

Lakini yako magonjwa ambamo barua yenyewe ndiyo yenye madhara. Katika aina kadhaa za kansa, RNA fulani huwa nyingi kupita kiasi, na wingi wake huiamuru seli ikue na kugawanyika bila kikomo. Basi swali linalojitokeza ni hili: je, yawezekana kutengeneza molekuli ndogo, mithili ya ile iliyomo katika kidonge cha kawaida, itakayoitafuta RNA hiyo moja miongoni mwa maelfu yaliyomo ndani ya seli, na kusababisha ivunjwe bila nyinginezo kuguswa? Tangu mwaka 2018 yamepatikana majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Makala haya yanaeleza njia iliyotumika, jinsi ilivyothibitishwa, na masafa yaliyobaki kabla haijamfikia mgonjwa.

Kwa nini protini peke yake haitoshi

Dawa ya kawaida hufanya kazi kama ufunguo unaoingia katika kitasa. Protini huwa na shimo dogo juu ya uso wake, na molekuli ya dawa huingia humo na kuizuia protini isifanye kazi. Pasipokuwa na shimo hapana kitasa, na pasipokuwa na kitasa ufunguo hauna pa kuingia. Baadhi ya protini zinazochochea kansa zina tabia hiyo. Mfano ulio mashuhuri una historia yake hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe ulioota katika mataya ya watoto na kukua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliokuwa London, waligundua virusi vipya ndani ya seli zilizotokana na uvimbe huo, ambazo zilikuwa zimepelekwa kwao kutoka Uganda. Kisha mwaka 1982 watafiti wakabaini kilichoharibika ndani ya kiini cha seli zenyewe. Jeni iitwayo MYC, ambayo mahali pake pa kawaida ni katika kromosomu ya 8, ilikuwa imehamishwa. Mara nyingi ilikutwa katika kromosomu ya 14, karibu na jeni zinazotengeneza antibodi. Katika seli za kinga za aina B, eneo hilo hufanya kazi usiku na mchana. MYC ilipojikuta hapo, nayo ikawa inanakiliwa bila kusita.

Protini ya MYC huiamuru seli ikue na igawanyike. Aidha, kiwango chake hupanda katika kansa nyingine nyingi, mbali na ile ya Burkitt. Lakini protini hii ikiwa peke yake haina umbo imara, wala haina shimo ambalo dawa ndogo yaweza kujishikiza. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu siri hiyo ifahamike, na bado haijaidhinishwa dawa ya hospitali inayoishika MYC moja kwa moja. Watoto wengi wenye ugonjwa wa Burkitt huponywa na dawa zinazoua seli zinazogawanyika upesi. Dawa hizo ni za thamani kubwa. Lakini seli za uboho, za mizizi ya nywele na za utando wa utumbo nazo hugawanyika upesi, na kwa hiyo hupata sehemu yao ya adhabu. Haja iliyopo, basi, ni ya dawa inayoweza kuchagua.

Kabla ya protini ya MYC kuna RNA ya MYC. Iwapo RNA hiyo itavunjwa mapema, protini haitatengenezwa, na ukosefu wa shimo katika protini hautakuwa kizuizi tena.

RNA zisizotengeneza protini

Iko sababu ya pili ya kuitazama RNA kwa makini. Mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini, lakini sehemu ya DNA inayotumika moja kwa moja kwa kazi hiyo haifiki asilimia 2. Sehemu kubwa ya DNA iliyobaki nayo hunakiliwa kuwa RNA, na baadhi ya RNA hizo, ingawa hazitengenezi protini yoyote, hutawala kazi za nyingine.

Miongoni mwa hizo ni maikro-RNA. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1993 na Victor Ambros na wenzake, nchini Marekani, katika mnyoo mdogo wenye urefu wa milimita 1 hivi. Naye Gary Ruvkun akaonyesha jinsi inavyofanya kazi. Wengi walidhani kwamba hilo ni jambo la mnyoo huyo tu. Mwaka 2000 Ruvkun aligundua maikro-RNA nyingine ambayo ilikutwa katika wanyama wa aina nyingi, akiwamo mwanadamu, na mwaka 2024 wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba.

Maikro-RNA iliyokamilika ni fupi mno: ina herufi za kikemia zipatazo 22. Hutokana na RNA ndefu iliyojikunja, ambayo hukatwa mara mbili. Kimeng'enya kiitwacho Drosha huikata ndani ya kiini cha seli na kubakiza kipande cha herufi kama 70. Kisha kimeng'enya kiitwacho Dicer hukikata kipande hicho nje ya kiini. Maikro-RNA ikishakamilika hujibandika juu ya RNA mjumbe inayolingana nayo, na kuizuia isitengeneze protini.

Maikro-RNA iitwayo miR-21 yaonyesha hatari iliyopo. Huzizuia RNA wajumbe wa protini kadhaa, zikiwamo PTEN na PDCD4, ambazo ni breki za ukuaji wa seli. Katika kansa nyingi, ikiwamo kansa ya matiti, kiwango cha miR-21 hupanda. Breki hulegea, na seli hupata nguvu ya kuenea. Hapa hakuna protini mbaya ya kushikwa na dawa. RNA yenyewe ndiyo chanzo cha madhara.

Umbo la RNA

Ili molekuli ndogo iweze kuchagua RNA moja na kuacha nyingine, hapana budi RNA hizo ziwe na maumbo tofauti. DNA huwa na nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa urefu wote, na kwa hiyo umbo lake halibadiliki sana. RNA huwa na uzi mmoja, nao hujikunja juu ya nafsi yake: G huungana na C, na A huungana na U.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa ukanda wa karatasi. Yaandikwe juu yake, kwa mstari mmoja, herufi hizi 16: GGCAUCUUCGGAUGCC. Ukanda ukunjwe katikati, na wanafunzi waoanishe herufi za miisho miwili. Wataona kwamba herufi sita za mwanzo zaoana na sita za mwisho, na herufi nne za katikati zabaki nje bila wenzi. Sehemu iliyooana huitwa shina, na ile ya katikati huitwa kitanzi. Kisha ukanda mwingine uandikwe kwa kuongeza herufi A baada ya G ya pili: GGACAUCUUCGGAUGCC. Ukikunjwa, herufi hiyo iliyoongezwa haitapata mwenzi, nayo itatokeza pembeni kama nundu.

Nundu na vitanzi vya namna hiyo ndivyo vijishimo ambavyo molekuli ndogo yaweza kujishikiza. RNA inayozaa miR-21, kwa mfano, ina nundu ya A na nundu ya U karibu na mahali ambapo Dicer hukata. Utafiti wa dawa za RNA hutafuta molekuli inayokaa vema katika nundu fulani, na isiyokaa katika nyingine.

Njia zilizotangulia

Kwamba molekuli ndogo huweza kushika RNA si habari mpya. Streptomaisini, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1944, pamoja na tetrasaiklini inayofahamika katika kila zahanati, hushika RNA iliyomo katika ribosomu za bakteria na kuvuruga utengenezaji wa protini zao. Lakini bahati ilikuwa upande wa dawa hizo, kwani ribosomu ni nyingi sana ndani ya bakteria, na mahali zinaposhikwa ni kiungo cha kazi.

Njia ya pili ilianzishwa mwaka 1978, wakati Paul Zamecnik na Mary Stephenson walipotumia kipande kifupi cha DNA chenye herufi zinazooana na RNA ya virusi fulani, wakaweza kuzuia virusi hivyo visizaliane. Wazo hilo limezaa dawa halisi; kwa mfano, nusinersen iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli unaotokana na kufa kwa neva za uti wa mgongo. Uzuri wake ni kwamba herufi huchaguana kwa usahihi. Udhaifu wake ni ukubwa. Vipande hivyo huwa na uzito wa molekuli wa maelfu kadhaa, ilhali uzito wa aspirini ni 180, na dawa nyingi za kumeza hazizidi 500. Molekuli kubwa yenye chaji nyingi za umeme hupenya utando wa seli kwa shida. Nusinersen yenyewe hudungwa kwa sindano katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo.

Mwaka 2020 iliidhinishwa dawa ya tatu ya kukumbukwa, risdiplam, kwa ugonjwa ule ule. Hii ni molekuli ndogo, humezwa, na hushika RNA ya mwanadamu mahali ambapo vipande vyake huunganishwa. Kwa hiyo imethibitika kwamba RNA ya mwanadamu yaweza kutibiwa kwa dawa ndogo ya kumeza.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, kilibaki. RNA ni ndefu, na sehemu nyingi zake si viungo vya kazi. Molekuli yaweza kuishika RNA barabara, lakini ikiwa imeishika mahali pasipo na kazi, haitabadilisha kitu. Itakuwa kama mlinzi aliyewekwa kwenye mlango usiopitwa na mtu. Tena, ribosomu inaposoma RNA mjumbe huzikunjua sehemu zilizojikunja, na molekuli iliyojishikiza hapo yaweza kung'olewa. Kushika, kwa hakika, hakutoshi.

Mkasi uliomo ndani ya seli

Ufumbuzi ulitoka katika utafiti wa virusi, ambao haukuwa na uhusiano na kansa. Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua huko London kitu ambacho seli hutoa baada ya kushambuliwa na virusi ili kuzitahadharisha seli jirani. Walikiita intaferoni. Miaka ya baadaye ilidhihirika kwamba seli iliyotahadharishwa, inapokuta RNA yenye nyuzi mbili kama ile ya virusi vingi, hutengeneza ishara ndogo ya kikemia. Umbo la ishara hiyo lilielezwa mwaka 1978 na Ian Kerr na Ray Brown. Ni mnyororo mfupi wa adenini ambazo sukari zake zimeunganishwa kwa namna isiyo ya kawaida: kaboni ya 2 ya sukari moja na kaboni ya 5 ya inayofuata, badala ya kaboni ya 3 na ya 5 kama ilivyo kawaida katika RNA. Kwa ufupi ishara hiyo huitwa 2-5A.

Kazi ya 2-5A ni kukiamsha kimeng'enya kiitwacho ribonyukliesi L. Kimeng'enya hiki kimo katika seli nyingi za mwili, lakini katika hali ya usingizi, kila molekuli ikiwa peke yake. 2-5A inapojishikiza, molekuli mbili za kimeng'enya huungana na kuwa mkasi ulio tayari. Mkasi huo hukata RNA katika sehemu zisizooana, hasa baada ya herufi U. Haubagui sana baina ya RNA ya virusi na ya seli yenyewe, na ukiendelea kukata, seli hujiua. Kwa seli iliyovamiwa na virusi hilo ni jambo la busara, kwani kifo cha seli moja huziokoa nyingi.

Matthew Disney na wenzake katika taasisi ya Scripps, mjini Jupiter katika jimbo la Florida, Marekani, walijiuliza: ikiwa mkasi umo tayari ndani ya seli ukiwa umelala, kwa nini usiamshwe mahali pamoja tu, kando ya RNA inayotakiwa kuvunjwa?

Molekuli yenye mikono miwili

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Molekuli iliyobuniwa na watafiti hao ina mikono miwili iliyounganishwa kwa kamba fupi ya atomi. Mkono wa kwanza huishika RNA yenye nundu inayotakiwa. Mkono wa pili huishika ribonyukliesi L na kuiamsha. Molekuli za namna hii hupewa jina la RIBOTAC.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mkono wa kwanza haulazimiki tena kushika kiungo cha kazi. Yatosha uishike RNA popote, mradi pawe na sehemu ya kukatwa karibu. Jambo la pili ni hesabu. Dawa ya kawaida huzuia molekuli moja ya ugonjwa kwa kila molekuli moja ya dawa, tena kwa muda inapokuwa imejishikiza tu. Lakini RNA ikishakatwa, RIBOTAC huachiliwa na kwenda kutafuta RNA nyingine. Kwa hiyo molekuli moja ya dawa yaweza kuharibu RNA kadhaa, kama kichocheo katika maabara ya kemia kinavyofanya kazi bila chenyewe kutumika.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2018. RNA iliyolengwa ilikuwa ile inayozaa miR-96, ambayo katika seli za kansa ya matiti huizuia protini ya FOXO1, mojawapo ya zile zinazoielekeza seli mbovu kujiua. Molekuli ya mikono miwili ilipotiwa, RNA hiyo ilikatwa, FOXO1 ikaongezeka, na seli za kansa zikafa. Seli za matiti zenye afya hazikufa. Katika jaribio hilo mkono wa pili ulikuwa mnyororo wa 2-5A wenyewe, ambao ni mkubwa na wenye chaji. Mwaka 2020 mkono huo ulibadilishwa, ukawekwa kemikali ndogo inayofanya kazi ile ile. RIBOTAC hiyo mpya ililenga RNA inayozaa miR-21, na katika panya wa maabara ilizuia kansa ya matiti isienee hadi kwenye mapafu.

Mwaka 2021 kundi hilo hilo lilichukua dovitinib, molekuli iliyokuwa imebuniwa kwa ajili ya kuzuia protini, lakini ambayo ilikutwa ikiishika RNA ya miR-21 kidogo. Ilipoongezewa mkono wa pili, mwelekeo wake ulihama kutoka kwenye protini hadi kwenye RNA kwa kiasi cha mara 2,500, nayo ilipunguza ugonjwa katika panya wenye kansa ya matiti na katika panya wenye maradhi ya figo ya kurithi.

Hatua iliyofuata, iliyochapishwa mwaka 2023, ndiyo iliyoonyesha wazi maana ya jambo zima. Watafiti walichunguza jinsi mkusanyiko wa molekuli ndogo unavyoshika maumbo mengi ya RNA, wakakuta kwamba nyingi ya zile zinazoshika hushika mahali pasipo na kazi. Zamani molekuli hizo zingetupwa. Safari hii baadhi yake ziliongezewa mkono wa pili, na zile zilizokuwa baridi zikawa wakataji. RNA tatu zilivunjwa kwa njia hiyo: ile inayozaa miR-155, RNA mjumbe ya JUN, na RNA mjumbe ya MYC, jeni ile ile iliyotajwa katika uvimbe wa Burkitt. Majaribio ya MYC yalifanywa katika seli za maabara, wala hayajawa tiba ya mtoto yeyote. Lakini kizuizi cha zaidi ya miaka 40 kilizungukwa kwa kuiendea RNA badala ya protini.

Uthibitisho ulipatikanaje?

Mwanafunzi makini atauliza: yajulikanaje kwamba RNA ilivunjwa na mkasi, na si kwa sababu kemikali yenyewe ni sumu? Swali hilo ndilo kiini cha sayansi ya majaribio, na jibu lake hutolewa na majaribio ya kulinganisha.

Kwanza, hutumiwa molekuli yenye mkono wa kushika RNA tu, bila mkono wa mkasi. Pili, hutumiwa seli ambazo kiwango cha ribonyukliesi L kimepunguzwa. Ikiwa maelezo ya watafiti ni ya kweli, seli hizo hazipasi kuonyesha mkato ule, kwa kuwa mkasi haupo. Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Tatu, hupimwa RNA nyingine zilizomo ndani ya seli ili kuona kama nazo zimepungua. Dawa inayopunguza RNA moja inastahili kuitwa teuzi. Inayozipunguza zote ni sumu tu, hata kama yaua kansa.

Yaliyobaki

Yafaa ieleweke wazi kwamba hadi sasa hakuna dawa ya aina ya RIBOTAC iliyoidhinishwa kwa matumizi ya wagonjwa. Mgonjwa wa kansa asiahirishe matibabu ya hospitali kwa kungoja dawa ambayo ingali maabara. Mambo yanayotakiwa kushughulikiwa ni mengi, na manne yastahili kutajwa.

La kwanza ni ukubwa. Molekuli yenye mikono miwili ni nzito kuliko yenye mmoja, na nyingi huzidi ule uzito wa 500 wa dawa za kumeza. Wanakemia hutafuta mikono mifupi na kamba nyepesi.

La pili ni kipimo. RIBOTAC hufanya kazi kama mshenga: hana budi kuonana na pande mbili kwa wakati mmoja. Washenga wakiwa wengi kupita kiasi, kila RNA itashikwa na wake, na kila kimeng'enya kitashikwa na wake, wala pande mbili hazitakutana. Kwa hiyo kuongeza dawa kupita mpaka fulani kwaweza kupunguza nguvu yake, jambo ambalo ni kinyume cha mazoea ya dawa nyingi.

La tatu ni mkasi wenyewe. Kiwango cha ribonyukliesi L hutofautiana kati ya tishu na tishu. Penye kidogo dawa itakuwa dhaifu. Na iwapo mkono wa pili utauamsha mkasi mbali na RNA iliyokusudiwa, RNA za seli zenye afya zitakatwa pia.

La nne ni umbali uliopo kati ya panya na mwanadamu. Dawa nyingi za kansa zilizowaponya panya hazikuwafaa watu. Usalama kwa miezi na miaka, jinsi ini na figo zinavyoiondoa dawa mwilini, na uwezo wa kansa kubadilika ili kuikwepa, ni maswali yasiyoweza kujibiwa ila kwa majaribio ya taratibu.

Hata hivyo, somo lenyewe limekwisha kubadilika. Kwa miaka mingi mtafiti aliyepata molekuli inayoishika RNA bila kubadilisha chochote aliiweka kando na kuanza upya. Sasa anapoikuta huuliza swali jingine: je, kuna sehemu ya kukatwa karibu na hapo iliposhika? Swali hilo dogo limezirudisha mezani molekuli zilizokuwa zimetupwa, na kuzifikia RNA zilizodhaniwa hazifikiki. Limetokana na ujuzi uliokusanywa na watu ambao wengi wao hawakuwa wakitafuta dawa ya kansa: mmoja aliwatazama watoto wenye mataya yaliyovimba, mwingine alichunguza mnyoo wa milimita 1, na mwingine alipima kemikali isiyo ya kawaida katika seli zilizotahadharishwa dhidi ya virusi.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini RNA huwa na maumbo mengi zaidi kuliko DNA, ingawa zote mbili zimejengwa kwa herufi nne?

2. Mtafiti ametia RIBOTAC katika seli zisizo na ribonyukliesi L, na seli hizo zimekufa. Jambo hilo lamweleza nini kuhusu dawa yake?

3. Chora grafu inayoonyesha jinsi nguvu ya RIBOTAC inavyotarajiwa kupanda na kushuka kadiri kipimo chake kinavyoongezwa, na ueleze sababu ya umbo la grafu hiyo.